Fika Getini Kwanza: Namna ya Kuchagua Chuo Ukiwa Tukuyu

Matokeo yametoka. Umeyaona kwenye simu ya jirani, ukayapiga picha, ukamtumia dada yako aliye Dar. Tangu siku hiyo kila mtu ana chuo cha kukuchagulia. Mjomba anataka uwe mwalimu kwa sababu chuo cha ualimu cha Mpuguso kiko karibu. Shangazi amesikia kwamba afya ina ajira. Rafiki yako wa dawati moja anasema mwende wote Dodoma. Na pale stendi kuna kijana anagawa vipeperushi vyenye picha ya jengo la ghorofa.

Tulia. Wiki ulizonazo zinatosha ukizitumia vizuri. Tafuta daftari moja, hata lile lenye kurasa zilizobaki za hesabu, liwe la kazi hii tu. Ukurasa wa kwanza andika hivi: chuo changu ni kile nitakachokimaliza, kikanipa cheti kinachotambulika, nikafanya kazi ninayoitaka.

Kila ushauri utakaopewa, upime kwa sentensi hiyo. Kuna vijana wengi walioingia vyuo vyenye majina makubwa na wakarudi nyumbani mwaka wa pili kwa kukosa ada, au kwa sababu kozi haikuwa yao. Kuingia ni hatua ya kwanza tu. Wewe panga kumaliza.

Anza na kazi, chuo kitafuata

Usijiulize "nisome chuo gani?" Jiulize: Jumatatu saa mbili asubuhi, miaka mitano ijayo, nataka mikono yangu iwe inafanya nini? Inachoma sindano? Inaandika ubaoni? Inafungua injini? Inapima udongo shambani? Andika kazi tatu, usizidishe.

Kisha nenda ukazione zikifanyika. Hapa wilayani Rungwe huna haja ya kwenda mbali. Wauguzi na matabibu wapo hospitali ya wilaya ya Makandana, wapo Igogwe. Mafundi umeme na mitambo wapo kwenye viwanda vya chai. Mabwana shamba wanazunguka kwenye parachichi na viazi. Walimu unawajua tangu chekechea.

Mfuate mmoja kwa adabu. "Shikamoo. Mimi nataka kusomea kazi kama yako. Naomba dakika kumi." Wengi watakupa hata nusu saa. Waulize maswali matatu: Kazi hii inakuchosha wapi? Ulisomea wapi, kwa miaka mingapi? Ungeanza leo, ungepita njia gani?

Andika majibu siku hiyo hiyo. Muuguzi akikwambia zamu za usiku ndizo zinazomchosha, jiulize kama utaziweza. Kama damu inakutia kizunguzungu, ni heri ulijue sasa, ukiwa Makandana, kuliko kulijua mwaka wa pili ada ikiwa imeshalipwa.

Soma matokeo yako bila kujidanganya

Weka matokeo mezani, alama kwa alama. Kila kozi ina masomo inayoyadai, na alama nzuri za Historia hazitaziba pengo la Kemia.

Umemaliza kidato cha nne? Kwa kozi nyingi za cheti na stashahada utahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia alama D. Kozi za afya kama uuguzi na utabibu kwa kawaida zinataka Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwe humo. Kama moja ya hizo huna, usipoteze pesa ya fomu. Tafuta kozi nyingine au urudie somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Umemaliza kidato cha sita? Hesabu hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. Hicho ni kizingiti cha mlango tu. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, angalau D kwa kila somo, jumla pointi 6. Na wenye sifa wakizidi nafasi, wenye alama za juu ndio wanaotangulia.

Kwa hiyo gawa kozi zako mafungu matatu. Ya kwanza ni ile unayoitamani, na alama zako zinaigusa kwa shida. Ya pili ni ile inayolingana na alama zako. Ya tatu ni ile ambayo alama zako zimeipita kwa mbali. Omba kutoka mafungu yote matatu. Mtu anayeomba fungu la kwanza peke yake ndiye anayebaki nyumbani.

Jua ngazi, uchague pa kuanzia

Usione aibu kuanzia chini. Mfumo wetu una ngazi, na ngazi zimetengenezwa ili zipandwe.

Ufundi stadi, kama wa VETA Mbeya, unakupa ujuzi wa mikono kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya tatu. Vyuo vya kati vina ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, na ya 6 ndiyo stashahada. Shahada ya kwanza inamalizikia ngazi ya 8. Kijana wa kidato cha nne anayeanza ngazi ya 4 kwa kawaida anashika stashahada baada ya miaka mitatu.

Na stashahada haifungi mlango. Ukiimaliza kwa wastani wa alama, yaani GPA, wa 3.0 au zaidi, unaweza kuomba shahada kwenye kozi zinazokubali stashahada hiyo. Ila hapa uwe makini: uliza mapema stashahada yako inapokelewa kwenye shahada zipi. Andika majibu kwenye daftari.

Kama umepangiwa kidato cha tano na huku umepata nafasi chuo cha kati, linganisha kwa makini. Unajua tayari unataka uuguzi au ufundi? Chuo kinaweza kukufikisha kazini mapema zaidi. Unataka udaktari au uhandisi na alama zako za sayansi ziko imara? Kidato cha tano bado ni njia nzuri. Chagua kwa kazi uliyoandika, usichague kwa sababu wenzako wamevaa sare.

Thibitisha usajili kabla ya kutoa hata shilingi

Hili ndilo la kufa na kupona. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vya kati na vya ufundi stadi vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na ufundi stadi. Chuo kisichokuwa kwenye orodha ya mmoja wao, kiache. Hata kama mwenye chuo anasali na ninyi.

Andika anwani mwenyewe kwenye simu: tcu.go.tz au nactvet.go.tz. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa kwenye WhatsApp. Tovuti za wasimamizi hawa zinaishia na go.tz. Pakua mwongozo wa udahili wa mwaka huu. Wa mwaka jana usiutumie, kwa sababu vyuo na kozi hubadilika.

Sasa angalia vitu vitatu. Jina la chuo liwe lile lile, herufi kwa herufi. Kampasi iwe ile utakayosoma, maana chuo kinaweza kuwa na kibali mkoa mmoja na kisiwe nacho mkoa mwingine. Na kozi yako iwepo kwenye orodha. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali ilhali kozi mpya inayotangazwa kwenye kipeperushi bado haijapewa kibali.

Binamu yangu aliruka hatua hii. Alilipa muhula mzima kwenye chuo kimoja nje ya mkoa wetu. Majengo yalikuwapo, walimu walikuwapo, sare alishonewa. Alipofika wakati wa kusajiliwa kwa mitihani akaambiwa kozi yake "bado inashughulikiwa". Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa. Kuangalia orodha kungechukua robo saa.

Kwa kazi zenye leseni, ongeza swali moja. Muuguzi anahitaji kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mfamasia ana Baraza la Famasi. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Uliza chuo: "Wahitimu wenu wanasajiliwa na baraza lao?" Jibu liwe ndiyo, na wakuonyeshe.

Piga hesabu mpaka mwaka wa mwisho

Kipeperushi kinakuonyesha ada ya mwaka wa kwanza. Wewe unataka gharama ya kozi nzima. Omba karatasi rasmi ya ada, yenye kila mchango na kila mwaka. Chuo kinachosita kukupa karatasi hiyo kimeshakujibu.

Kisha ongeza vile visivyoandikwa kwa herufi kubwa: mitihani, bima ya afya, kitambulisho, sare, vifaa vya kozi, chumba, chakula, nauli za likizo, na gharama za mafunzo kwa vitendo (fildi). Hayo mafunzo ndiyo wengi husahau. Unaweza kupangiwa wilaya nyingine kwa wiki kadhaa, ukapange chumba cha pili wakati cha kwanza bado unakilipia.

Tuchukue mfano. Chuo A ada yake ni shilingi 900,000 kwa mwaka, lakini kiko mbali: chumba 50,000 kwa mwezi, chakula 120,000 kwa mwezi. Kwa miezi kumi hiyo ni 1,700,000 juu ya ada. Jumla 2,600,000. Chuo B ada yake ni 1,300,000, hosteli 200,000 kwa mwaka, na chakula kingi kinatoka nyumbani, unaongezea 50,000 kwa mwezi. Jumla 2,000,000. Chuo kilichoonekana ghali ndicho nafuu. Weka tarakimu zako halisi, zidisha kwa miaka ya kozi, ndipo uamue.

Halafu linganisha tarehe za ada na kalenda ya pesa ya nyumbani. Familia nyingi za Rungwe hazipokei mshahara wa mwisho wa mwezi. Ndizi zinauzwa siku ya soko. Maziwa yanaingiza kidogo kidogo. Majani ya chai yana siku yake ya malipo. Parachichi ni pesa nzuri lakini inakuja kwa msimu. Kaa na wazazi mwandike: awamu ya kwanza ya ada itatoka wapi, ya pili itatoka wapi. Chuo kikiruhusu awamu nne badala ya mbili, hiyo ni sababu halali ya kukichagua.

Mkopo: andaa nyaraka mapema

Bodi ya Mikopo, HESLB, inakopesha wanafunzi wa shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 inakopesha pia baadhi ya stashahada zilizo kwenye vipaumbele, zikiwemo za afya. Kama unaenda stashahada, soma mwongozo wao uone kozi yako imo au haimo. Kama umefaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita, fuatilia pia ufadhili wa Samia.

Wengi hukwama kwenye nyaraka. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu inahitaji saini na mihuri, ya serikali ya mtaa au kijiji na ya mwanasheria au hakimu. Usingoje wiki ya mwisho, foleni huwa ndefu na mtandao huwa mzito.

Leo hii, chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha matokeo na kitambulisho au namba ya NIDA. Viweke kimoja juu ya kingine. Soma jina lako herufi kwa herufi. Majina yetu ya huku yanaandikwa vibaya sana: Anyelwisye anakuwa Anyelwise, Tusajigwe anakuwa Tusajigwa. Herufi moja inatosha kusimamisha maombi yako. Ukiona tofauti, muone ofisa wa RITA wilayani au wakili kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Kumbuka mambo mawili. Mkopo unaweza usifike gharama yote, kwa hiyo nyumbani wajue pengo ni kiasi gani. Na mkopo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kopa kwa kozi itakayokupa kazi.

Ukienda chuo, nenda na akiba ya miezi miwili ya kwanza mfukoni. Usianze maisha kwa kutegemea boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, ambayo haijaingia.

Karibu au mbali?

Anza kutazama palipo jirani. Ndani ya Rungwe kuna vyuo vya ualimu vya serikali viwili, Tukuyu na Mpuguso, na kuna chuo cha uuguzi Tukuyu. Ukipanda gari la Mbeya, safari ya kilomita kama 70, unakuta Uyole na chuo chake cha kilimo, MATI. Ukifika mjini kuna MUST kwa uhandisi na teknolojia, kampasi ya Mzumbe, TIA kwa uhasibu, Chuo cha Utumishi wa Umma, TEKU ya Kanisa la Moravian, Chuo Kikuu cha Katoliki cha Mbeya, na kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kama kozi ni ile ile, kibali ni kile kile na walimu wapo, cha karibu kina faida kubwa. Gunia la viazi na mkungu wa ndizi vinafika kwa Coaster ya asubuhi. Ukiugua, mama anakufikia siku hiyo hiyo. Hiyo ni ada ambayo hujailipa.

Kwenda mbali kuna haki yake pale kozi inapokuwa huko. Udaktari wa mifugo utaufuata chuo kikuu cha SUA, Morogoro. Ubaharia utaufuata Chuo cha Bahari, Dar es Salaam. Hapo funga mizigo bila wasiwasi. Lakini kusafiri siku nzima kufuata kozi inayofundishwa Mbeya, kwa sababu tu unataka kuona jiji, ni kuwatwisha wazazi mzigo usio na lazima. Jiji utaliona ukiwa na mshahara wako.

Fika getini

Umebaki na vyuo viwili au vitatu. Sasa nenda. Nauli ya siku moja ni ndogo ukiilinganisha na miaka mitatu ya majuto. Chagua siku ya kazi, muhula ukiwa unaendelea. Panda gari la alfajiri, vaa nadhifu, beba daftari na mwavuli.

Ofisini salimia, jitambulishe, omba kuonyeshwa mahali pa mafunzo ya vitendo. Usiridhike na ukumbi wala bustani ya maua. Unataka kuona pale mikono inapofanya kazi.

Kwenye karakana, tazama chini ya mashine ya kukereza vyuma. Ukikuta vipande vya chuma vilivyojikunja, bado vinang'aa, na harufu ya mafuta, wanafunzi wanaitumia. Ukikuta vumbi limelala juu ya mashine na imefunikwa kitambaa kama maiti, mashine hiyo ni ya wageni. Kwenye chumba cha mazoezi ya uuguzi, tazama mdoli wa mazoezi. Mdoli uliochakaa mkononi, pale wanapojifunzia kutafuta mshipa, ni dalili njema. Kwenye maktaba, fungua kitabu kimoja cha kozi yako, uone kilichapwa mwaka gani na kama kuna mtu amekisoma.

Tazama ubao wa matangazo. Ratiba ya muhula huu imebandikwa? Matokeo ya muhula uliopita yametoka? Tazama vyoo na maji. Utaishi hapo.

Kisha toka nje ya geti. Tafuta kibanda cha mama lishe ambapo wanafunzi wanakula. Agiza wali maharage, kaa karibu na wanafunzi wa mwaka wa pili. Hao ndio wanaojua, kwa sababu wameshafanya mitihani na hawajasahau machungu. Waulize:

Muhula uliopita kuna somo lilikosa mwalimu?

Fildi mnatafutiwa na chuo au kila mtu anajitafutia?

Mliingia wangapi, mmebaki wangapi, na walioondoka waliondoka kwa nini?

Kuna mchango ulioibuka ambao haukuwa kwenye karatasi ya ada?

Waliomaliza mwaka juzi wako wapi?

Ukisikia jibu lile lile kwa watu watatu wasiokaa meza moja, liandike.

Kama wewe ni msichana, ongeza haya na usiyaone madogo. Hosteli ina mlinzi usiku? Kutoka darasani mpaka chumbani ni dakika ngapi, na njia ina taa? Mwanafunzi akisumbuliwa na mtu, anamwendea nani? Waulize wasichana wenzako, uwaulize mkiwa peke yenu.

Kama nauli haipo kabisa, mtafute mtu wa kwenu anayeishi karibu na chuo hicho. Tukuyu ina watoto wake kila mji. Mpe maswali yako, akupigie simu ya video akiwa ndani ya geti.

Dalili za kukimbia

Mtu anakwambia "nafasi zimebaki tatu, tuma pesa leo." Kimbia.

Anataka ada iingie kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kimbia. Vyuo vya serikali vinapokea malipo kwa control number. Chuo binafsi nacho kiwe na akaunti ya benki yenye jina la chuo, na kikupe risiti.

Anakuahidi ajira ukimaliza. Hakuna chuo kinachogawa ajira. Kimbia.

Anasema anaweza kukuingiza hata kama alama hazitoshi. Utaingia, halafu siku ya kuhakikiwa cheti utatolewa. Kimbia, na wadogo zako nao waonye.

Omba kwa utaratibu

Dirisha la vyuo vikuu hufunguliwa matokeo ya kidato cha sita yakitoka. Unaomba moja kwa moja kwenye tovuti ya kila chuo. Omba zaidi ya kimoja. Panga kozi kuanzia unayoitaka kweli, kwa sababu mpangilio wako unahesabika.

Kwa vyuo vya kati vya afya vya serikali, maombi hupita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET. Vingine vina utaratibu wake. Soma mwongozo, fuata unavyosema. Ukiwa na stashahada na unaomba shahada, pata kwanza namba ya uhakiki wa tuzo yako, AVN, kutoka NACTVET.

Tumia namba moja ya simu, iliyosajiliwa kwa jina lako, na usiibadilishe mpaka uingie darasani. Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Namba hiyo ikienda kwenye laini uliyoiuza, nafasi yako iko hatarini. Thibitisha ndani ya muda uliopangwa.

Kama unatumia duka la intaneti, usimwachie mhudumu kila kitu. Kaa pembeni yake, soma kila ukurasa kabla hajabonyeza kutuma. Nywila andika kwenye daftari, uondoke nayo.

Hukuchaguliwa awamu ya kwanza? Usilie sana, awamu nyingine hufuata. Angalia kozi zenye nafasi zilizobaki, urudi kwenye fungu lako la pili na la tatu. Na kama mwaka huu umekataa kabisa, ngazi ya 4 ipo, VETA ipo, kurudia somo kupo. Mwaka wa kujipanga haujapotea.

Kaa na wazazi ukiwa na tarakimu

Usiwaambie wazazi "mimi nataka chuo fulani" ukiwa umesimama mlangoni. Subiri baada ya chakula cha jioni, moto bado unawaka, mvua inapiga bati. Kaa. Fungua daftari.

Waonyeshe kazi uliyoiona kwa macho. Waonyeshe ukurasa wa usajili. Soma gharama ya miaka yote, mstari kwa mstari. Kisha uliza: "Baba, mama, hapa mnaona tutakwama wapi?" Neno hilo "tutakwama" linawaingiza ndani ya safari. Hapo baba atakumbuka miti ya parachichi itakayoanza kuzaa mwakani, na mama atasema kikundi chake cha kuweka na kukopa kinagawana mwezi gani.

Wakipinga, sikiliza sababu. Mara nyingi hawapingi kozi, wanaogopa aibu ya kushindwa kulipa katikati. Wape njia: awamu za ada, mkopo, hosteli, kazi utakayofanya likizo. Mzazi aliyeshiriki kuhesabu hatakuacha mwaka wa pili.

Kazi ya wiki hii

Kesho: nenda kamuone mtu mmoja anayefanya kazi unayoitaka, na ulinganishe majina kwenye vyeti vyako.

Keshokutwa: pakua mwongozo, uandike vyuo vitano vyenye kibali cha kozi yako, na uviombe karatasi za ada.

Mwisho wa wiki: piga hesabu ya miaka yote, ubaki na vyuo viwili, na upange siku ya safari.

Ukishaamua, andika chini ya ile sentensi ya ukurasa wa kwanza jina la chuo, jina la kozi, na sababu tatu za kukichagua. Beba daftari hilo chuoni, liweke chini ya begi. Iko siku ya mwaka wa pili utakapokuwa umechoka, umefeli mtihani mmoja, na simu ya nyumbani inasema ndizi hazina bei. Siku hiyo lifungue. Utakuta mwandiko wako mwenyewe unakwambia kwa nini ulikuja, na hesabu inayoonyesha kwamba kumaliza kunawezekana.